Gari Likikugomea Karamoja: Dalili na Sababu Zake kwenye Njia ya Zamani ya Misafara

Karamoja iko kaskazini mashariki mwa Uganda, na njia inayotoka Mbale, ikapita Sironko na Muyembe, ikakata nyika ya Pian Upe hadi Nakapiripirit na Moroto, kisha ikaelekea kaskazini Kotido, Kaabong na Kidepo, si njia ya jana. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu ilitoka pwani, ikapumzika Mumias, ikauzunguka Mlima Elgon na kuingia Karamoja kutafuta pembe za ndovu. Kimoja cha vituo vyao kilikuwa Manimani, jirani na Moroto ya leo. Hawakukata njia ovyo. Walipita penye maji, wakasimama penye maji, na maji yalipokauka walingoja au walirudi.

Barabara ya leo haikanyagi nyayo zao kila mahali. Lami imefika Moroto, na malori yanafika hadi Kaabong. Lakini makorongo ni yale yale: mito ya mchanga inayoshuka kutoka milima ya Kadam, Napak na Moroto, mikavu kwa miezi, kisha inajaa kwa saa chache. Kwa hiyo nitasema mapema ninachokiamini baada ya kuyashughulikia magari ya njia hii: kuanzia injini hadi tairi, karibu kila tatizo utakalolipata huku lina chanzo kimoja kati ya viwili. Ama maji yamekosekana, na joto, vumbi na mchanga vimekushika. Ama maji yamefika mahali ulipodhani hayatafika. Ukijua uko upande gani, nusu ya utatuzi umeshaupata.

Jambo jingine la kuweka akilini ni kwamba mahali dalili inapojitokeza mara nyingi si mahali tatizo lilipoanzia. Gari linalozima Kotido huenda liliharibiwa na dumu la dizeli lililojazwa Mbale. Kabla hujagusa spana, jiulize: dalili imeanza lini, gari lilikuwa likifanya nini wakati huo, na nini kilibadilishwa au kujazwa mara ya mwisho.

Mshale wa joto unapanda

Nianze na hili kwa sababu ndilo ninaloliogopa kuliko yote. Tairi likipasuka unabadilisha. Injini ikichemka sana mara moja tu, silinda hedi hupinda, na hapo safari imekwisha.

Tazama kwanza mshale unapanda *wakati gani*.

Ukipanda unapokwenda polepole kwenye mchanga au ukiwa umesimama, halafu ukashuka ukipata mwendo, maji yako yana njia nzuri ila hewa haipiti vya kutosha. Kosa liko upande wa feni. Kagua feni belti: ibonyeze kwa kidole gumba katikati; ikizama sana, kaza, na ikiwa na nyufa au inang'aa kama kioo, badilisha. Kwenye magari yenye feni ya umeme, anza na fyuzi na plagi yake. Kwenye Land Cruiser na Hilux nyingi za dizeli, feni inaendeshwa kupitia kifaa cha mafuta mazito katikati yake. Zima injini ikiwa ya moto, zungusha feni kwa mkono: ikizunguka huru bila ukinzani wowote, kifaa hicho kimekufa. Kumbuka pia upepo wa mgongoni. Gari linalopanda taratibu likisukumwa na upepo kutoka nyuma halipati hewa usoni, na hapo hakuna kilichoharibika. Simama, geuza pua ielekee upepo, subiri.

Ukipanda unapokimbia au kukwea mlima, ukashuka ukisimama injini ikinguruma taratibu, basi rejeta yenyewe haipitishi. Inaweza kuwa imeziba ndani kwa kutu na chumvi, kwa sababu mtu amekuwa akiijaza maji ya kisima kila safari. Inaweza kuwa thamostati haifunguki. Na ukiwa umetoka Pian Upe baada ya mvua, wakati nyasi zimekomaa, kagua kitu cha kwanza kabisa: uso wa rejeta. Mbegu za nyasi huingia kati ya mapezi yake na kuujaza hadi hewa isipite. Ng'oa kwa brashi laini, au puliza kwa kompresa kutoka upande wa injini kwenda mbele. Usichomekechomeke kwa bisibisi.

Nyasi hizo hizo zina hatari ya pili ambayo si ya maji hata kidogo. Hujikusanya chini ya gari, juu ya bomba la eksozi, zikakauka na kushika moto. Ukisikia harufu ya nyasi zinazoungua nje huku huoni moshi porini, usiendelee kuitafuta kwa macho ukiwa kwenye usukani. Simama mahali pasipo na nyasi, chungulia chini, ondoa kwa fimbo au waya. Kizimamoto kiwe karibu na dereva, si chini ya mizigo.

Kuna gari linalopoteza maji bila kuvuja popote. Hapo watu hufikiria gasketi ya hedi mara moja, lakini anza na kitu cha bei ndogo: mfuniko wa rejeta. Moroto iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kinachozuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni shinikizo linaloshikiliwa na mfuniko ule. Mpira wake ukikauka, mvuke unatoka kidogo kidogo, na unaacha alama nyeupe au ya kutu kuzunguka shingo ya rejeta. Beba mfuniko wa akiba wenye kiwango kile kile cha shinikizo.

Gasketi yenyewe utaijua hivi: mpira wa juu wa rejeta unakuwa mgumu muda mfupi tu baada ya kuwasha injini ya baridi, mapovu yanapanda kwenye maji bila kukoma, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe unaendelea hata injini ikishapata moto. Ukiona mawili kati ya hayo, usijaribu kufika Kaabong. Tafuta gari la kukuvuta.

Dalili inayodanganya kuliko zote ni hii: mshale ulikuwa juu, kisha ghafla ukaanguka hadi baridi. Dereva anashukuru Mungu na kuendelea. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba maji yamekwisha, na kipimo sasa kiko hewani hakiguswi na chochote. Zima injini papo hapo.

Mpira ukiwa haujapasuka na maji bado yapo, usizime ghafla. Ondoa mzigo, zima easi, fungua hita ya ndani hadi mwisho pamoja na feni yake hata kama abiria watalalamika, acha injini ingurume taratibu huku pua ikielekea upepo. Hita ni rejeta ya pili. Mfuniko usiuguse mpaka mpira wa juu uweze kushikwa kwa mkono bila kuunguza. Na unapojaza, jaza kidogo kidogo injini ikiwa inazunguka. Maji baridi yakimwagwa kwenye chuma kilichoungua hupasua chuma.

Mafundi wengi huondoa thamostati na kukuambia "huku kwetu ni joto, haihitajiki." Sikubaliani nao. Bila thamostati maji hupita rejeta kwa kasi bila mpangilio, injini huchelewa kufikia joto lake asubuhi za Moroto ambazo ni baridi kweli, inakula dizeli zaidi, na tatizo la msingi limefichwa tu. Weka mpya.

Nguvu zimepungua

Gari lisilo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Injini ya 1HZ, ile ya lita 4.2 iliyomo kwenye Land Cruiser nyingi za mashirika huku, itakuwa mvivu Moroto kuliko ilivyo pwani, na hilo si ugonjwa. Ugonjwa ni pale nguvu inapopungua kutoka asubuhi hadi jioni kwenye kimo kile kile.

Hapo tazama moshi.

Moshi mweusi unaoongezeka ni kukosa hewa. Filta ya hewa imejaa vumbi. Ifungue, igonge taratibu kwenye tairi, puliza kutoka ndani kwenda nje, usikose kufuta vumbi lililobaki ndani ya nyumba yake kwa kitambaa chenye unyevu. Filta ya karatasi haioshwi kwa petroli wala sabuni. Angalia na mpira wa kuziba pembeni, kwa sababu vumbi laini likipita pale huenda kusaga pistoni. Na ukiwa nyuma ya lori, usilifukuze kwenye wingu lake. Achia umbali hadi vumbi litue.

Pasipo moshi, gari likikohoa, likafa, likapumzika dakika chache na kuwaka tena, ni kukosa mafuta. Kuna sababu tatu za kufuata kwa mpangilio. Kwanza legeza mfuniko wa tangi: ukisikia hewa ikivutwa kwa nguvu kuingia ndani, tundu la kupumua limeziba vumbi, na umeshapata jibu. Pili, fungua kizibo cha chini ya filta ya dizeli, kinga kwa chupa inayoonyesha, acha itulie. Maji hukaa chini, dizeli juu. Ukiona mstari, endelea kumwaga mpaka itoke dizeli tupu, kisha piga pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, ndipo uwashe. Tatu, badilisha filta yenyewe.

Maji haya kwenye dizeli hutoka wapi katika nchi kavu namna hii? Hutoka kwenye madumu na mapipa. Usiku wa baridi baada ya mchana wa joto, hewa iliyomo kwenye chombo kisichojaa hugeuka matone. Jaza tangi jioni, si asubuhi. Jaza vituo vyenye mauzo mengi, Mbale, Soroti au Moroto, na baada ya Kotido usitegemee pampu utakayoikuta njiani. Dumu la kununua kando ya barabara lipitishe kwenye faneli yenye kitambaa kizito.

Kwa magari ya zamani ya petroli yenye kabureta, kuzima mchana kwenye joto kali na kugoma kuwaka mara nyingi ni petroli iliyogeuka mvuke ndani ya bomba kabla ya kufika. Funika pampu na bomba kwa kitambaa kibichi, subiri.

Gurudumu linazunguka, gari linashuka

Umeingia kwenye mto wa mchanga, na katikati gari limezama. Dalili ni moja lakini sababu ni tofauti, na kila moja ina dawa yake.

Cha kwanza ni kuondoa mguu kwenye mafuta. Kila mzunguko wa tairi kutoka hapo unachimba shimo lako mwenyewe. Gari likikalia tumbo, kazi ya dakika kumi inakuwa ya nusu siku.

Shuka utazame magurudumu ya mbele. Je, yalikuwa yakizunguka? Kwenye Land Cruiser na Hilux za zamani taa ya 4WD inaweza kuwaka huku mbele kukiwa kumelala, kwa sababu habu za magurudumu hazijafungwa kwa mkono. Nimeona wanaume wanne wakisukuma gari lililohitaji mtu mmoja tu azungushe habu mbili. Zifunge kabla ya kuingia korongo lolote, hata linaloonekana jepesi.

Kisha presha. Gari lililotoka kwenye lami na pauni 36 au 40 litachimba mchanga, litake lisitake. Kwenye murramu mbaya ninashusha hadi 26 au 28. Kwenye mchanga wa kina, 16 hadi 18, na ukiwa umekwama kabisa unaweza kwenda 13 kwa mita chache za kujitoa. Tairi lililolegea linakuwa refu na kukanyaga eneo kubwa, na hapo ndipo nguvu ya kuelea inapotoka. Lakini tairi la pauni 16 halikimbizwi: usizidi kilomita 30 kwa saa, usikate kona kwa ghafla, kwa maana linaweza kuvuka ukingo wa rimu na kujivua. Ukitoka mchangani, jaza. Kompresa ndogo ya kuunganisha kwenye betri ina thamani kuliko bampa yoyote ya kujionyesha.

Baada ya presha, koleo. Ondoa mchanga mbele ya matairi yote manne na ule uliogusa difu, yaani nyumba ya gia iliyo katikati ya ekseli. Rudi nyuma kwanza kwenye nyayo zako, maana umeshazigandamiza. Gia ya chini, L4, ya pili badala ya ya kwanza, mguu mwepesi. Difu lock, ile inayoyalazimisha magurudumu mawili ya ekseli kuzunguka pamoja, ifungwe usukani ukiwa umenyooka tu.

Mchanga wenyewe hubadilika kwa saa. Alfajiri, ukiwa baridi na umande, unabeba. Saa nane mchana ule ule unakumeza. Kama una mto mpana mbele yako, kwa mfano Mto Kidepo wenye mivumo kingoni, panga kuuvuka asubuhi.

Jihadhari na sehemu ambapo mchanga ni mweusi kidogo na unang'aa. Maji yako karibu chini yake, na juu panaonekana pagumu. Wanawake wa Kikaramoja huchimba visima vya mkono humo kwenye mchanga wakati wa kiangazi, na ng'ombe hunyweshwa hapo. Ukiona mashimo hayo, vuka mbali nayo. Kuna sababu ya gari, kwamba utazama. Na kuna sababu ya watu, ambayo kwangu ni kubwa zaidi: kisima kile ndicho jiko la familia na uhai wa zizi. Usikikanyage, usioshe gari karibu nacho, usimwage oili. Ukihitaji maji, omba. "Ejoka" ya salamu, mkono, na subira kidogo vinafungua mlango.

Korongo lililokuwa kavu sasa lina maji

Huenda huoni wingu hata moja. Mvua imenyesha Napak au mlimani Moroto, na maji yanakuja kwako chini ya jua kali. Dalili zake ni sauti kama ya upepo kwenye miti isiyotikisika, harufu ya udongo mbichi, halafu ulimi wa povu la kahawia unaosukuma vijiti na samadi. Ukiona hivyo na gari liko kwenye mchanga, ondoka kwenda ukingo ulio karibu zaidi. Gari likikwama, liache. Watu kwanza.

Kwa sababu hiyo hiyo hakuna kulala wala kupika chakula ndani ya korongo, hata kama kivuli chake kinavutia namna gani. Msimu wa mvua Karamoja ni kama Aprili hadi Septemba au Oktoba, ukiwa na mapumziko katikati yasiyotabirika, na mafuriko ya ghafla hayasomi kalenda.

Maji yakiwa yamefika, swali ni kungoja au kuvuka. Mara nyingi jibu ni kungoja. Mito hii hushuka kwa saa chache. Piga kijiti ukingoni, tazama kama maji yanapanda au yanashuka. Uliza mchungaji: "Mzee, maji haya yalipita lini? Ng'ombe wanavuka wapi?" Ng'ombe huvuka penye sakafu ngumu. Maji yaliyotulia yatembee kwa miguu kwanza, ukiwa na fimbo. Yakizidi goti na yana kasi, hata kuyatembea usijaribu, na gari lisiingie.

Umevuka, kisha dalili zinaanza:

Breki hazishiki. Zimelowa. Endesha polepole ukikanyaga kidogo kidogo mpaka zikauke.

Siku chache baadaye difu inalia. Ilikuwa ya moto ulipoingia kwenye maji baridi, hewa ndani ikajikunja na kunyonya maji kupitia kipumulio chake au sili. Fungua kizibo, utazame oili: ikiwa kama maziwa, mwaga yote, weka mpya. Dawa ni kupumzika robo saa kabla ya kuingia, na kupandisha mpira wa kipumulio juu hadi chumba cha injini.

Injini imezima ndani ya maji. *Usipige stata.* Maji yakiwa yameingia kwenye silinda, hayabanwi kama hewa, na stata itapinda mkono wa pistoni. Vuta gari nje, fungua filta ya hewa. Ikiwa kavu, una bahati, tafuta tatizo kwenye umeme. Ikiwa imelowa, ng'oa plagi za moto au nozeli zote, ndipo uzungushe injini ili maji yaruke nje.

Udongo mweusi

Udongo mweusi wa mbuga ukinyeshewa, tairi hugeuka mpira wa tope, usukani unageuka bure, na gari linakwenda linakotaka. Hapa sina ufundi mwingi wa kukupa. Simama ungali barabarani. Jua la nusu siku hufanya kazi ambayo winchi haiwezi. Minyororo ya matairi husaidia, ujuvi hausaidii.

Mitetemo, miiba na vinavyolegea

Murramu kavu hujenga vimatuta vidogo vilivyopangana, na vimatuta hivyo hulegeza kila kitu. Gari likizima kana kwamba limekatwa kwa kisu, taa na redio pia, anza kwenye vichwa vya betri, vikamate vitikise. Stata ikigonga mara moja na kunyamaza, ni hapo hapo au ni waya wa kwenda kwenye bodi.

Gari likianza kurukaruka na mkia kutaka kukupita kwenye kona, simama uguse shokapu zote nne kwa tahadhari. Baada ya kilomita nyingi za vimatuta, shokapu nzima huwa ya moto sana. Iliyo baridi ndiyo iliyokufa.

Miiba ya migunga huvujisha tairi polepole. Dalili ni usukani kuvuta upande mmoja, au gurudumu moja kuwa la moto kuliko mengine unapopitisha mkono kila kituo. Mwiba ukiuona na tairi bado lina upepo, usiuchomoe mpaka umeandaa kamba ya kuzibia. Tairi za akiba ziwe mbili kuanzia Moroto kwenda juu. Na kila ukibadilisha gurudumu, kaza nati upya baada ya kilomita 50 hivi. Vimatuta huzirudisha nyuma.

Pedali ya breki inazama kwenye mteremko

Hii huwakuta wanaotoka Moroto kuelekea mpaka wa Lokitanyala na Lokiriama upande wa Kenya, ambako uwanda wa juu wa Karamoja unaanguka kwenye bonde la Turkana. Ni njia ya mawe na makorongo, na anayeishuka kwa breki tupu atajuta katikati.

Pedali ikiwa laini na kuzama hadi chini, maji ya breki yamechemka. DOT 4, aina mojawapo ya maji hayo, ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi, lakini hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka, na iliyozeeka inaweza kuchemka kwenye 155. Pampu pedali haraka, shusha gia, jisogeze upande wa mlima. Pedali ikiwa ngumu na gari halisimami, ni pedi zilizoungua. Utasikia harufu yake. Katika hali zote mbili, simama, weka mawe nyuma na mbele ya magurudumu, ziache zipoe zenyewe nusu saa. Usizimwagie maji, disiki hupinda. Kisha shuka ukiwa L4, gia ya kwanza au ya pili, mguu ukiwa mbali na breki. Injini ndiyo ikushushe.

Kabla ya safari ya upande huo, na hata ya Kotido, ripoti kwenye kituo cha askari, uliza hali. Njia hizi zimeona wizi wa mifugo wa silaha kwa miaka mingi, na maofisa wanajua leo pakoje. Wengi wao wanaongea Kiswahili vizuri: "Afande, njia iko salama? Gari la mwisho limepita saa ngapi?" linatosha. Usiku usiendeshe.

Dereva naye anachemka

Weka lita 5 za maji ya kunywa kwa kila mtu kwa siku, na akiba ya siku mbili juu yake, kando kabisa na maji ya rejeta. Dalili ya kwanza si kiu. Ni ukali wa ghafla, kuumwa kichwa, kukosa gia unazozijua, na kutokojoa tangu asubuhi. Akiwa bado anatoka jasho, mpeleke kivulini, mlaze, mpe maji yenye chumvi kidogo na sukari kwa mafundo madogo, na mtu mwingine ashike usukani siku hiyo.

Akianza kuchanganyikiwa, kuongea visivyoeleweka au kuanguka, awe na jasho au ngozi kavu, hiyo ni dharura. Usimnyweshe kwa nguvu. Mlowanishe mwili mzima, mpepee bila kukoma, na uondoke naye huku mkiendelea kumlowanisha njiani. Hospitali za kukumbuka kwenye njia hii ni ya rufaa ya Moroto, ya Matany wilayani Napak, na ya Kaabong kwa aliye kaskazini. Ziandike kwenye karatasi pamoja na umbali wake kutoka kila kituo chako, kwa sababu mtandao wa simu hukatika sehemu ndefu kati ya miji hii.